Redio kimya, mtambo unawaka: kutafuta hitilafu kwenye kituo kidogo cha FM

Mwongozo huu ni wa kituo chenye transmita ya wati 300 hadi 1,000, studio moja au mbili, na mlingoti ulio nyuma ya jengo au juu ya kilima cha jirani. Vituo vingi vya jamii vya Tanzania na Kenya viko hivyo, na fundi mitambo huwa mmoja tu, mara nyingi ndiye huyo huyo anayekaa kwenye mixa. Hitilafu zimepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea mara nyingi ndiyo imetangulia.

Kabla ya kushika bisibisi, jua hili: transmita ni ya mwisho kushukiwa. Umeme mbovu, konekta iliyoingia maji, feni iliyokufa na waya wa sauti uliokatikia ndani ya ganda lake huangusha vituo kuliko transista zinazoungua. Tena transista ikiungua, mara nyingi imeuawa na moja ya hayo matatu ya kwanza. Ukiweka mpya bila kutafuta kilichoiua ile ya zamani, utaiweka tena mwezi ujao, na bei yake si ndogo.

Utahitaji daftari. Kila siku saa ile ile andika mstari mmoja kutoka kwenye kioo cha transmita, kwa mfano: "Saa 1 asubuhi. Kwenda 480 W, kurudi 4 W, volti 46, ampea 15, joto 41." Kwenda ni nguvu inayopelekwa kwenye antena, kurudi ni ile inayorudishwa nayo. Volti 46 mara ampea 15 ni wati 690 zinazoingia kwenye hatua ya mwisho, yaani kikuza nguvu kinacholisha antena, na wati 480 zinatoka, karibu asilimia 70. Hiyo ni hali njema. Siku ukikuta 480 zile zile zinatoka lakini ampea zimefika 18, kuna kitu kinachemka mahali fulani hata kama wasikilizaji hawajasikia tofauti. Kituo kisicho na daftari hakina cha kulinganisha siku ya shida.

Kituo hakisikiki kabisa

Usikimbilie chumba cha mitambo. Chukua redio ndogo ya betri, iweke kwenye masafa yenu na usikilize ukimya wenyewe ulivyo. Ukisikia mchakacho, "shhh" ile ya mahali pasipo na kituo, mawimbi hayaruki, na shida iko kwenye umeme, transmita au antena. Ukisikia kimya kizito, mchakacho umezimika kabisa, mawimbi yanaruka lakini hayakubeba sauti. Hapo iache transmita, rudi studio.

Mawimbi yakiwa hayaruki, fuata mpangilio huu:

1. Umeme. Pima kwa multimita kwenye soketi yenyewe inayolisha transmita, si kwa kutazama taa ya ukutani. Panapaswa kuwa na volti 230 hivi. Kama breka imeanguka, irudishe mara moja tu.
2. Ulinzi wa transmita. Soma taa na maneno yaliyo kwenye kioo kabla hujazima. Ukizima na kuwasha, transmita nyingi husahau kilichozisimamisha, nawe umepoteza ushahidi. Piga picha kwa simu.
3. Swichi ya usalama ya mlango au kifuniko. Mlango ukiachwa wazi kidogo baada ya kufagia, mtambo hukataa kuwaka. Hii hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyokubali.
4. Kizalishaji cha masafa, kile kisanduku cha wati 20 au 30 kinacholisha hatua ya mwisho. Kama taa yake ya kufunga masafa haijawaka, kimepoteza masafa na kimejizima ili kisiingie kwa jirani. Hiyo ni kazi ya karakana.

Fyuzi ikiungua, weka nyingine ya ampea zile zile na ya aina ile ile. Ikiungua ya pili, acha. Fyuzi mbili mfululizo maana yake kuna kitu kimeshikana ndani, na waya wa shaba au karatasi ya sigara badala ya fyuzi itaipa hitilafu hiyo nafasi ya kuchoma bodi nzima, pengine na jengo.

Mawimbi yakiwa yapo lakini hayana sauti, gawa njia katikati. Sauti hutoka kwenye kompyuta au maiki, ikapita mixa, kichakata sauti, kiungo cha kupeleka mlimani, kisha transmita. Chomeka hedifoni kwenye pato la mixa. Kama sauti ipo, shida iko mbele, kama haipo, iko nyuma. Nenda tena katikati ya nusu iliyobaki. Kwa vipimo vitatu umefika. Sababu ya kawaida kuliko zote ni kitufe: chaneli haijapelekwa kwenye programu (njia ya kwenda hewani) bali kwenye majaribio, au mtangazaji aliyepita ameshusha fada kuu, kile kitelezi cha sauti yote. Inafuata kompyuta iliyoamua kujisasisha na kurudi ikiwa imechagua spika za ndani badala ya kadi ya sauti. Halafu waya wa XLR (ule wa maiki wenye konekta ya pini tatu), ambao hukatikia karibu zaidi na konekta, pale unapopindwa kila siku.

Kwenye chumba cha transmita weka daima kicheza muziki kidogo au simu ya zamani yenye saa kadhaa za vipindi vilivyorekodiwa, pamoja na waya wake uliokwisha tengenezwa wa kuingia kwenye transmita. Kiungo cha studio kikifa, kituo kirudi hewani ndani ya dakika tano wakati unatafuta shida. Kuna watu wanaosubiri tangazo la msiba au tahadhari ya mvua kubwa, na hawana njia nyingine ya kuipata.

Kituo kinasikika, lakini si mbali kama zamani

Soma nguvu inayokwenda kwenye kioo. Kama iko kama ilivyo kwenye daftari, transmita haina kosa. Ruka hadi sehemu ya nguvu inayorudi, au tazama kama kuna kituo kipya kimeanza karibu na masafa yenu.

Kama imeshuka, joto ndilo la kwanza. Transmita ikipata joto hujipunguza nguvu yenyewe, na wasikilizaji wa mbali hupotea saa 8 mchana, wakarudi usiku. Mzunguko huo wa mchana na usiku ni saini ya joto. Toa kichujio cha hewa, kishike kuelekea juani: kama mwanga haupiti, hata hewa haipiti. Kioshe kwa maji na sabuni, kikauke kabisa, ndipo ukirudishe. Wakati wa kiangazi kwenye barabara ya vumbi, fanya hivyo kila wiki mbili. Kisha angalia feni moja moja. Feni inayozunguka kwa kusuasua au inayolia kama kriketi imekwisha bearingi, ibadilishe kabla haijasimama. Hakikisha mpya ina volti sawa na ile ya zamani (24, 48 na 230 zote hutumika), na mshale wa hewa unaelekea upande ule ule. Feni iliyowekwa kinyume huzunguka vizuri tu, huku ikigombana na wenzake.

Sababu ya pili ni volti ya chini. Pima kati ya saa 1 na saa 4 usiku, wakati kila nyumba imewasha. Kama inashuka chini ya 200, unahitaji stabilaiza, na kama stabilaiza ipo, ifungue (ikiwa imechomolewa) utazame brashi yake ya kaboni. Ile inayosukumwa na mota huliwa taratibu, na ikiisha hukwama kwenye volti moja.

Kinyume chake ni hatari zaidi. Taa zikianza kung'aa kupita kiasi upande mmoja wa jengo na kufifia upande mwingine, waya wa nyutro umelegea au umekatika, na soketi za volti 230 zinaweza kupata zaidi ya 300. Zima swichi kuu hapo hapo, upige simu ya dharura ya shirika la umeme. Usiguse chochote kwenye nguzo wala kwenye mita.

Sababu ya tatu ni moduli moja, yaani kipande kimoja cha kukuza nguvu, kufa. Hapa hesabu inasema wazi. Transmita yenye moduli mbili zilizounganishwa, moja ikifa, haitoi nusu. Hutoa robo, kwa sababu nusu ya nguvu ya ile iliyobaki huishia kwenye kipingamizi cha kusawazisha. Kwa hiyo ukikuta wati 500 zimekuwa 125 ghafla, usihangaike na kichujio, moduli moja haipo. Kwenye transmita ya moduli nne, moja ikitoka hubaki asilimia 56 hivi. Kipingamizi hicho kitakuwa cha moto sana, usikiguse.

Kubadilisha moduli nzima inayochomekwa ni kazi unayoweza kuifanya kwa kufuata kitabu cha mtambo. Kubadilisha transista ndani ya moduli, mpe fundi wa RF (masafa ya redio). Transista nyingi za zamani za RF na baadhi ya vipingamizi vya nguvu vina kauri ya oksidi ya beriliamu, na vumbi lake likivutwa puani huharibu mapafu moja kwa moja. Iliyovunjika usiisugue, usiipulize, usiitupe jalalani. Na kama mtambo wenu bado ni wa vali, una volti elfu kadhaa zinazobaki kwenye kapasita hata baada ya kuzima. Huo usiufungue peke yako kwa hali yoyote.

Nguvu inayorudi imepanda

Hii ndiyo dalili ya kuipa muda wako mwingi, kwa sababu ndiyo inayoua transista. Sehemu ya nguvu inayokwenda kwenye antena hugonga kizuizi na kurudi. Kwa wati 500 zinazokwenda:

Wati 5 zinazorudi, yaani asilimia 1, usihofu.
Wati 20, asilimia 4, ni uwiano wa 1.5 kwa 1. Punguza nguvu, anza kutafuta leo.
Wati 55, asilimia 11, ni uwiano wa 2 kwa 1. Zima.

Tazama kwanza inapanda lini. Ikipanda na mvua kisha ikashuka jua likiwaka, ni maji kwenye konekta au ndani ya kebo, na hiyo ndiyo sababu namba moja katika ukanda wetu. Ikipanda polepole saa moja baada ya kuwasha, kuna kiungo kinachopata moto. Ikiruka ghafla na kubaki huko, kuna kitu kimekatika, kimeungua au kimepigwa na radi.

Hatua ya kwanza inafanyikia chini. Zima transmita. Kisha, ikiwa imezimwa, pitisha mkono kwenye kila konekta kuanzia nyuma ya mtambo hadi unapofika bila kupanda. Konekta nzima huwa ya uvuguvugu tu. Yenye moto ndiyo mbovu. Kaza iliyolegea, safisha kwa spiriti, na ukikuta pini ya katikati imekuwa nyeusi au imeliwa, usiisugue ukairudisha. Badilisha konekta.

Hatua ya pili ni mzigo bandia wa omu 50, yaani kipingamizi kikubwa kinachokaa mahali pa antena na kugeuza nguvu kuwa joto, wenye uwezo usiopungua nguvu ya transmita. Toa kebo ya antena, unganisha mzigo, washa kwa nguvu ndogo kisha panda taratibu. Nguvu inayorudi ikiwa karibu sifuri, transmita ni nzima na kosa liko mbele yake: filta, kebo au antena. Ikibaki juu hata kwenye mzigo, kosa liko ndani. Kituo kisicho na mzigo bandia kiununue kabla ya kununua maiki nyingine. Na transmita isiwashwe kamwe ikiwa haina mzigo wala antena, hata kwa sekunde ya kujaribu.

Wengine hupima kebo kwa multimita na kushtuka wakikuta omu sifuri. Antena nyingi za FM za dipoli (zenye mikono miwili ya chuma) zimeunganishwa na ethi kwa mkondo wa moja kwa moja, kwa ajili ya radi, kwa hiyo sifuri huenda ndiyo hali yake ya kawaida. Kipimo hiki kina maana tu ukilinganisha na ulichoandika siku antena ilipofungwa.

Maji yanaingiaje? Kwa kawaida mtu alifunga konekta kwa utepe wa umeme peke yake, jua likaukausha, ukafunuka. Ukanda wa pwani una chumvi hewani, shaba huota kutu ya kijani ndani ya miezi. Kufunga upya hufanywa hivi: safisha na kausha kabisa, kisha zungusha utepe wa mpira unaojishika wenyewe, ukiuvuta hadi upungue upana, kila mzunguko ukifunika nusu ya ule uliopita. Anza chini uende juu, kama fundi anavyoezeka makuti, ili maji yakishuka yapite juu ya mwingiliano badala ya kuingia ndani yake. Juu yake weka utepe wa umeme wa kuzuia jua, nao pia uzungushwe kutoka chini. Silikoni inayonuka siki usiitumie, tindikali yake hula shaba. Mwisho, kabla kebo haijaingia ndani ya jengo, iache ishuke kidogo na kupanda, ili matone yadondoke kwenye tumbo hilo badala ya kufuata kebo hadi kwenye mtambo.

Maji yakishaingia ndani ya kebo yenyewe, hasa ile yenye hewa badala ya povu, kukausha hakusaidii. Kata kipande kilicholowa ukutane na shaba inayong'aa. Usipoipata, badilisha kebo.

Kama chini pote ni pazima, kosa liko juu: mgawanyaji wa nguvu, kebo fupi za kila dipoli, au dipoli yenyewe. Hapa ndipo unapomwita mpandaji mwenye mafunzo, mkanda wa mwili mzima na msaidizi aliye chini. Transmita izimwe, breka ifungwe kwa kufuli, na ufunguo uwe mfukoni mwa anayepanda, kwa sababu mtu mwingine akiwasha kwa nia njema, atamwunguza mwenzake aliye mbele ya antena. Kama mlingoti una vituo vingine, navyo vizime au vishushe nguvu kwa muda mliokubaliana. Kagua kwa darubini kama kuna nyuki, maana milingoti ni makazi wanayoyapenda. Na kumbuka kwamba kubadilisha aina ya antena, urefu wake au nguvu ya mtambo kunahitaji idhini, Tanzania kutoka TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), Kenya kutoka Mamlaka ya Mawasiliano. Kurudisha kilichokuwepo ni matengenezo, kuongeza kipya ni jambo la leseni.

Mngurumo chini ya sauti

Msikilize vizuri. Mvumo mzito, laini, ni wa mizunguko 50 kwa sekunde na karibu kila mara unatokana na ethi mbili zinazogombana. Mvumo mkali zaidi wa 100, wenye kukwaruza, huelekeza kwenye kapasita zilizokauka ndani ya kisambaza umeme cha kifaa kimoja.

Shusha fada zote. Mngurumo ukibaki, uko baada ya mixa. Ukiondoka, pandisha moja moja hadi urudi. Mkosaji wa kwanza ni kompyuta mpakato: chomoa chaja yake, mngurumo ukikatika umempata. Dawa ni transfoma ya kutenganisha sauti, ya uwiano wa 1 kwa 1, kati ya kompyuta na mixa. Wengine hukata pini ya ethi kwenye plagi, na kweli mngurumo huisha. Usifanye hivyo kamwe. Siku kifaa kitakapovuja umeme, njia pekee itakayobaki ni mwili wa mtangazaji aliyeshika maiki.

Vifaa vyote vya studio vilishwe kutoka soketi za mzunguko mmoja wenye ethi moja. Waya za sauti zitenganishwe na za umeme kwa sentimita 30 au zaidi, na zikilazimika kukutana zivukane kwa pembe mraba.

Kama mlingoti uko juu ya studio, kuna mngurumo wa namna nyingine: transmita yenyewe ikiingia kwenye waya za maiki. Izime nusu dakika usiku wa manane huku ukisikiliza pato la mixa kwa hedifoni. Ukikatika, weka vibano vya feraiti karibu na konekta, waya ukizunguka mara tatu au nne, na hakikisha ngao ya waya imeunganishwa na mwili wa kifaa kwa njia fupi. Mlio wa "tr-tr-tr" unaokuja na kuondoka ni simu ya mkononi iliyo juu ya meza. Itolewe studio.

Studio wanasikia vizuri, kijijini mtangazaji hasikiki

Malalamiko haya hupuuzwa kwa sababu anayeyapokea amevaa hedifoni za stereo na kila kitu kinasikika. Msikilizaji ana redio ya spika moja, anasikia ala za muziki lakini mwimbaji yuko mbali kama aliye kisimani, na mtangazaji akiongea hutoweka. Msikilizaji anasema kweli.

Chaneli moja, ya kushoto au ya kulia, imegeuzwa chanya kuwa hasi. Kwenye redio ya spika moja zinajumlishwa, na kila kilicho sawa pande zote, yaani sauti ya katikati, hufutana. Sababu ni XLR moja ambayo pini 2 na 3 zimebadilishana wakati wa kulehemu. Pini 1 ni ngao, 2 ni chanya, 3 ni hasi, pande zote mbili za waya. Bonyeza kitufe cha mono kwenye mixa: sauti ikififia, kosa liko kabla ya mixa. Isipofifia, pima waya moja moja kati ya mixa na transmita kwa mlio wa multimita. Fanya kipimo cha mono kila unapogusa waya, maana wengi wa wasikilizaji wenu wako kwenye spika moja.

Herufi "s" inachoma sikio, au sauti inapasuka

Kupasuka huanzia studio. Mtangazaji anapandisha hadi taa nyekundu ibaki imewaka. Rekebisha hapo kwanza, kwa sababu kilichopasuka kwenye mixa hakishonwi tena huko mbele.

Sauti ya studio ikiwa safi na "s" bado inachoma hewani, tazama mpangilio wa kuinua sauti nyembamba. Kwetu hutumika mikrosekunde 50, Marekani 75. Kuinua huko kwa mikrosekunde 50 hufika desibeli 13 na zaidi kwenye mizunguko 15,000, kwa hiyo kukifanyika mara mbili, kwenye kichakata sauti na tena kwenye transmita, sauti huwa wembe. Kifanyike mahali pamoja tu. Ukitumia pato la MPX la kichakata (sauti ya stereo iliyokwisha fungashwa kwenye waya mmoja), kwenye transmita kizimwe. Kikizimwa kote, sauti huwa butu kama iliyofunikwa blanketi. Mtambo uliotumika ulionunuliwa nje uhakikishe hauko kwenye 75.

Kiwango cha juu cha kuyumbisha masafa ni kilohezi 75 kila upande. Kukizidisha hakukufikishi mbali, kunamwingilia jirani na kupasua sauti kwenye redio za bei nafuu.

Sauti inakatika katika, hasa mvua au jioni

Kama kiungo cha kwenda mlimani ni cha redio za GHz 5, tazama kiwango cha mawimbi. Kati ya -50 na -65 dBm ni kizuri (namba ikikaribia sifuri, mawimbi yana nguvu zaidi), chini ya -75 utapata kukatika. Mti uliokua ndio adui wa kawaida, na majani ya masika huzuia kuliko matawi makavu. Kuona mlima kwa macho hakutoshi: kwa umbali wa kilomita 10, mawimbi hayo yanahitaji nafasi yenye nusu kipenyo cha mita 11 katikati ya safari, na angalau asilimia 60 yake iwe wazi. Kisha kagua kebo ya mtandao inayopanda kwenye dishi. Ya ndani ya nyumba hupasuka kwa jua ndani ya mwaka mmoja au miwili, na panya huipenda.

Kama kukatika kuko hata studio, ni kompyuta: diski imejaa, au faili zilizorekodiwa kwa sampuli 44,100 kwa sekunde zinachezwa kwenye kadi iliyowekwa 48,000. Kompyuta ya vipindi isitumike kwa kitu kingine chochote.

Msikilizaji anayepiga simu akijisikia kwa mwangwi, anarudishiwa sauti yake mwenyewe. Mpe mchanganyiko usio na sauti yake, na mwambie ashushe redio iliyo kando yake.

Mnasikika mahali pasipo penu

Vituo viwili kwenye mlingoti mmoja vinaweza kuzaa cha tatu. Chukua masafa ya kimoja mara mbili, toa ya kingine: 106.1 na 103.3 huzaa 108.9. Kuanzia 108 ni masafa ya ndege, na 108.9 ni mahali ambapo rubani anaweza kuwa anatafuta mstari wa kutulia uwanjani kwenye mawingu. Mkipata malalamiko ya uwanja wa ndege au ya mdhibiti, zimeni kwanza, mjadili baadaye. Dawa ni filta ya kopo, inayopitisha masafa ya kituo kimoja tu, kwenye kila transmita, nayo huwekwa na kurekebishwa na mwenye kipima wigo, chombo kinachoonyesha masafa yote yanayoruka.

Baada ya radi

Ngurumo ikisikika, usiende kuchomoa kebo ya antena. Umechelewa, kaa mbali nayo.

Ikishapita, usiwashe kwanza. Nusa. Tazama vizuia radi kwenye njia ya umeme: kidirisha chake kikiwa chekundu, kimekufa kikikulinda, kibadilishe. Pima ethi kwa kipimo chake: chini ya omu 10 inakubalika, 5 ni nzuri. Kiangazi udongo ukikauka hupanda, ndiyo maana wengi huchimbia mkaa na chumvi kuzunguka nguzo ya shaba. Inasaidia, lakini chumvi hula nguzo na vibano, kwa hiyo fukua ukague kila mwaka. Ethi ya mlingoti, ya umeme na ya studio ziunganishwe pamoja chini. Zikitenganishwa, radi hupita kwenye vifaa vyenu ili izikutanishe.

Washa kwenye mzigo bandia, kwa nguvu ndogo, kabla ya kurudi kwenye antena.

Unapompigia fundi

Mwambie aina ya mtambo na namba yake, namba za leo na za wiki iliyopita kutoka kwenye daftari, kilichoandikwa kwenye kioo kabla hujazima, mzigo bandia umesema nini, na kama kulikuwa na mvua, radi au kukatika kwa umeme ndani ya saa 24. Mwambie pia ulichokigusa, hata kama unaona aibu kukisema. Atakuja na kipuri sahihi, safari moja.